Upande wa Ndani wa Shuka

Tangazo! Tangazo! Wananchi wote, wakubwa kwa wadogo, wenye nguo chafu na wenye nguo chafu zaidi, tegeni masikio! Simameni wima, vueni kofia, kwa maana anatajwa Mfalme wa Weupe, Adui wa Matope, Jemadari wa Sabuni, ambaye jina lake limeandikwa kwa rangi ya buluu juu ya mlango wake: BILA DOA.

Asubuhi hiyo Mfalme wa Weupe alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anatafuta kandambili yake ya kushoto.

"Umeivaa," mkewe akamwambia.

"Wapi?"

"Mguu wa kulia."

Mfalme akatazama. Kweli.

"Nilikuwa naijaribu," akasema kwa heshima zote, akainuka na kujigonga kichwa kwenye meza.

Kazi yake ilikuwa udobi. Watu wa mtaa walimwita Bila Doa, kwa sababu ya maandishi ya mlangoni, na yeye hakukataa. Mkewe walimwita Mama Povu, kwa sababu tangu aolewe mikono yake haikuwahi kukauka sabuni. Mama Povu alifua. Bila Doa alipiga pasi. Shati likitoka mikononi mwao lilikuwa jeupe hata unaona haya kulivaa.

Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara kuu, mahali inapoanza kupanda kilima. Malori yakifika hapo yalikohoa kama wazee wenye pumu, kisha yakatema moshi mweusi. Moshi huo ulitua juu ya kila kitu: juu ya mabati, juu ya majani, juu ya paka. Paka wa mtaa ule wote walikuwa wa rangi moja, na hakuna aliyezaliwa nayo.

Kwa dobi, masizi ni adui. Zamani, mteja mmoja alirudisha gauni jeupe la harusi. Lilikuwa limejaa vidoa vyeusi, kama pilipili manga iliyomwagwa. Lilikuwa limetundikwa karibu na dirisha, na moshi wa malori ukaingia. Siku ile aliyekuwa mkuu wa kazi ni kaka yake Bila Doa, ambaye wote walimwita Kaka Mkubwa. Alichukua nyundo na misumari, akayapigilia mbao madirisha yote mawili, la mbele linalotazama barabara na la nyuma linalotazama uani. Kisha akatundika shuka jeupe mlangoni. Shuka hilo wakaliita Mlinzi. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuzuia moshi usiingie.

Tangu siku hiyo walifanya kazi zao zote ndani. Pipa la kuchemshia nguo nyeupe lilikaa pembeni, juu ya mafiga. Lilichochewa kwa mbao chakavu, nyingi zikiwa na rangi ya mlango au ya kitanda cha mtu. Pasi zilikuwa za mkaa, na mkaa uliwashwa kwa vipande vya mifuko ya nailoni, maana nailoni inashika moto upesi. Nguo ikishapigwa pasi tu, iliingia ndani ya mfuko safi, mdomo ukafungwa. Nguo zilikuwa salama kabisa.

Na moshi wa humo ndani? Ulitafuta pa kutokea, haukupata. Ukakaa, kama mgeni asiyejua kuaga.

Kila mwanzo wa juma Mama Povu alimshusha Mlinzi, akamfua, akamtundika tena. Miaka ikapita hivyo, zaidi ya kumi na tano.

Sasa mkuu wa kazi alikuwa Bila Doa. Kaka Mkubwa alikuwa kwenye kiti.

Kiti hicho kilikuwa cha mbao, chenye mto mgongoni, na kiliwekwa karibu na pipa ili mzee apate joto na Mama Povu aweze kumwangalia akifua. Kaka Mkubwa alikuwa ameanguka akipiga pasi. Kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa, na maneno yakamwacha. Siku ile pasi ilibaki juu ya meza, ikaunguza shati, ikaunguza kitambaa cha chini, ikaunguza ubao. Alama ipo hadi leo. Bila Doa alisimama palepale aliposimama kaka yake, akapiga pasi juu ya alama ile ile. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kuogopesha. Meza ilikuwa nzuri.

*

Siku moja, kabla ya adhuhuri, jirani yao akapiga hodi. Alikuwa nesi katika zahanati ya mtaa, na sare zake alizileta hapo kila wiki.

"Hodi wenyewe! Nimefuata sare yangu."

"Karibu, Nesi," Bila Doa akajibu. "Sare yako iko tayari kuliko wewe mwenyewe."

Nesi akapita chini ya Mlinzi, akafuta macho yake yaliyoanza kutoa machozi, akapokea sare. Akaikunjua. Mgongoni kulikuwa na alama ya kahawia, kubwa, yenye ncha mbele na upana nyuma.

Akaitazama sana.

"Fundi," akasema, "hapa ulipiga pasi au ulipiga muhuri?"

Mama Povu akacheka kutoka pale penye pipa. Bila Doa hakucheka. Alikuwa mtu wa kujibu mzaha kwa mizaha miwili, lakini sasa alitazama chini.

"Nitakulipa, dada. Pasi ilinishinda kidogo."

"Ilikushinda vipi?"

"Mkono ulilala. Kidogo tu. Sasa umeamka, huu hapa." Akachezesha vidole.

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na maneno yalitoka?"

Bila Doa akakuna kichwa. "Nilitaka kumwita mama hapa, anishikie pasi. Neno likakataa. Nikasimama kama mwizi aliyeulizwa jina. Halafu likarudi. Uchovu huo, Nesi. Usinitazame hivyo, unanitisha."

Mama Povu hakucheka tena. Kijiti cha kukorogea nguo kilimponyoka, kikazama kwenye pipa. Alikuwa amekumbuka kitu. Wiki moja kabla ya kuanguka, Kaka Mkubwa naye aliunguza shati. Akasema mkono umelala. Wakamtania. Walimwambia anawaza mwanamke. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka nao.

"Vaa viatu," Nesi akasema. "Tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Nina mashati ya hoteli."

"Hoteli ina vitanda, itasubiri imelala. Vaa viatu, fundi."

"Lakini nimepona!"

"Hujapona. Umeonywa. Mkono kufa ganzi ghafla, mdomo kupinda, maneno kukataa, hata kama ni kwa muda mfupi, hiyo ni hatari. Mtu hangoji kesho. Kesho ndiyo inayoua."

Bila Doa akamtazama mkewe, akitumaini atetewe. Mke wake alikuwa tayari ameshika viatu, kimoja kila mkono.

"Hiki ni cha kushoto," akamwambia taratibu. "Usikosee."

Wakaondoka. Mama Povu akabaki na Kaka Mkubwa. Maji kwenye pipa yakaendelea kuchemka, hakuna aliyeyajali. Alimnywesha shemeji yake uji, kijiko kwa kijiko, akamfuta kidevu. Alipomaliza hakujua azungumze na nani, akazungumza naye.

"Shemeji, mdogo wako ameunguza nguo."

Mkono mzima wa Kaka Mkubwa, wa kushoto, ukainuka ukamshika kifundo cha mkono. Ulimshika kwa nguvu hata akaumia. Hakuutoa. Walikaa hivyo, moshi ukiwazunguka, hadi moto ulipozimika wenyewe.

*

Bila Doa alilazwa siku chache. Aliporudi alikuwa na mfuko wa dawa na uso wa mtu aliyekutana na mkubwa wake.

"Mia na themanini na sita, kwa mia na kumi na mbili," akamwambia mkewe. "Hizo ndizo alama zangu. Shuleni sikuwahi kupata nyingi hivyo."

"Maana yake nini?"

Nesi aliyekuwa amemsindikiza akajibu. "Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Ya chini ni wakati moyo unapumzika. Mtu mzima akipimwa ametulia, akakutwa na mia na arobaini kwa tisini au zaidi, na akipimwa siku nyingine ikawa vilevile, huyo ana presha. Yake imepita huko mbali."

"Lakini kichwa hakikuniuma hata siku moja," Bila Doa akalalamika. "Presha gani hiyo haina adabu, haibishi hata hodi?"

"Ndiyo tabia yake. Inaingia kimya, inakula kimya. Wengi wanaijua siku ya kuanguka. Ndiyo maana mtu mzima anapimwa hata kama anajiona dume la nyati." Nesi akamgeukia Mama Povu. "Na wewe, mama. Leta mkono."

"Mimi? Mimi siumwi. Mimi nafua tu."

"Leta mkono unaofua."

Alipimwa. Siku ya pili akapimwa tena. Mia na hamsini na mbili, kwa tisini na sita. Mama Povu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mumewe, ambaye alikuwa ametulia kidogo kwa kuwa mgonjwa wa presha ni yeye peke yake, hakutulia tena.

Basi wakaanza mambo mapya. Bila Doa alimeza vidonge vyake kila asubuhi, akikunja uso kama mtoto. Mama Povu alikwenda zahanati, naye akapewa vyake. Chumvi ikapunguzwa, ikawa chakula kinalalamikiwa mezani.

"Hii mboga imechemshiwa maji ya kufulia?"

"Ni hiyo hiyo ya jana, bila chumvi ya kuzikia mtu."

"Ah. Tamu basi."

Lakini presha haikushuka kama walivyotaka. Ilishuka kidogo, ikasimama, kama punda katikati ya njia. Nesi alikuja na kipimo chake, akapima, akatikisa kichwa.

"Vidonge mnameza?"

"Tunameza."

"Kila siku?"

"Nesi, hata ndotoni."

Nesi akakaa kufikiri. Alipokaa akakohoa. Akafuta macho. Akakohoa tena. Mama Povu aliona haya, akasimama kumshusha Mlinzi mlangoni, maana ilikuwa siku yake ya kufuliwa. Akalilaza shuka kwenye beseni na kuanza kulisugua kwa kipande cha sabuni.

"Mama," Nesi akauliza, "mbona unaanza upande huo? Huo mwingine huufui?"

"Naufua. Lakini huu ndio mchafu zaidi. Siku zote. Huu naupiga sabuni mara mbili, ule mara moja tu unatakata."

"Na huu ni upande gani?"

"Ni ule wa..."

Mama Povu akalitoa shuka kwenye maji, likichuruzika, akalipeleka mlangoni. Juu yake kulikuwa na vitanzi vya kamba, vilivyoshonwa upande mmoja ili vishike misumari. Akaviweka kwenye misumari. Upande mweusi ukamtazama usoni. Yeye alikuwa amesimama ndani.

Miaka yote hiyo mikono yake ilikuwa inajua. Kichwa ndicho hakikuulizwa.

"Wa ndani," akasema.

"Haiwezekani," Bila Doa akaruka. "Moshi uko nje! Hebu sikia malori hayo!"

"Fundi," Nesi akasema, "katika mtaa huu hakimu wa madoa ni wewe. Mimi najua sindano tu. Njoo uhukumu."

Bila Doa akaja. Akavuta shuka kwenye mwanga. Akasugua upande wa nje kwa kidole gumba, akanusa. Akasugua upande wa ndani, akanusa. Akarudia, polepole. Mkewe alimtazama usoni. Alikuwa ameuona uso huo mara nyingi, mteja akiapa kwamba doa ni la chai na yeye anajua ni la damu.

"La nje ni dizeli," akasema mwishowe. "Lina mafuta, linateleza. Lipo, sikatai. Hili la ndani si dizeli. Ni mbao za rangi. Na nailoni." Akaachia shuka. "Ni letu."

Lori likapita nje likikohoa.

"Sikilizeni," Nesi akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Moshi una vumbi dogo sana. Si hili linaloshika shuka. Jingine, dogo hata jicho halilioni. Unalivuta, linapita puani, linafika ndani kabisa ya mapafu. Mwili unapambana nalo kila siku, na vita hivyo vinafika hadi kwenye mishipa ya damu. Mama, lastiki ya sketi ikichemshwa kila wiki kwa miaka, inakuwaje?"

"Inakauka. Haivutiki."

"Ndivyo mishipa. Inakakamaa, inabana. Moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, presha inapanda. Si moshi wa siku moja. Ni wa kila siku, mwaka hadi mwaka. Wa malori unadhuru. Wa jiko unadhuru. Nyinyi mlimfungia mlango yule wa nje, mkamtandikia kitanda huyu wa ndani. Na mkaa ukiwashwa chumba kimefungwa unatoa sumu nyingine isiyo na harufu. Hiyo inaweza kumwua mtu siku moja tu, akadhani ni usingizi." Akaonyesha nguo zilizopangwa rafuni. "Mashati mmeyatia kwenye mifuko. Nyinyi mmejitia wapi?"

Bila Doa akauliza swali ambalo Mama Povu alikuwa analiogopa.

"Ndicho kilichomwangusha kaka?"

Wote watatu wakatazama kiti. Kaka Mkubwa alikuwa ametazama mafiga.

"Sijui," Nesi akajibu. "Nikisema ni moshi peke yake nitakuwa mwongo. Presha ina wazazi wengi. Chumvi, unene, tumbaku, pombe, ukoo, umri. Lakini moshi ni mmoja wa wazazi hao, na hapa amekaa kila siku. Na bado mgonjwa mmemweka mbele yake."

"Ili apate joto," Mama Povu akasema.

*

Mtu angedhani kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Kung'oa mbao, kufungua dirisha, basi. Bila Doa alichukua nyundo, akaenda hadi dirisha la nyuma, akasimama. Akarudi akakaa.

"Siwezi," akasema.

"Mkono umelala tena?" mkewe akashtuka.

"Mkono mzima. Mbao hizi alizipigilia kaka. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika pasi. Alinilea baba alipokufa. Nimwambie nini? Kaka, ulitufungia kaburini? Mbele yake, na hawezi hata kunijibu?"

"Kwa hiyo umfuate kwenye kiti?"

"Usiseme hivyo, mke wangu."

"Nasema! Kiti ni kimoja. Wewe ukianguka utakaa wapi? Mapajani mwake? Na mimi nikianguka, nani atawanywesha uji nyote wawili? Heshima ni nzuri, lakini haijui kupika uji."

Bila Doa akafunika uso kwa mikono. Mama Povu akaichukua nyundo. Hakwenda dirishani. Alikwenda kwenye kiti, akachutama, macho yake yakawa sawa na macho ya shemeji yake.

"Shemeji," akasema, "uliyafunga kwa nia njema. Tunajua. Ulilinda kazi yetu, tukala. Sasa hewa imetuharibikia humu ndani. Naomba ruhusa niyang'oe."

Kaka Mkubwa akamtazama. Akatazama dirisha. Kisha akafumba macho.

Mama Povu hakujua kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana. Hadi leo hajui. Aliinuka akang'oa.

Misumari ilikuwa na kutu, ikalia sana. Ubao wa kwanza ulipoanguka, jua liliingia kwa mara ya kwanza tangu zamani za lile gauni. Na ndani ya mwanga huo wakaona kile walichokuwa wakikaa ndani yake. Moshi ulikuwa umejaa tele, unazunguka polepole, mzito kama maji ya kwanza ya kusuuzia. Dari ilikuwa nyeusi. Utando wa buibui ulikuwa mweusi, mnene kama uzi wa kufumia. Kiti kiliposogezwa kidogo, katika ukuta nyuma yake kulikuwa na umbo la mtu, la rangi safi, mahali ambapo mgongo wa Kaka Mkubwa ulizuia masizi yasishike.

Bila Doa alilitazama umbo hilo. Kisha akainuka, akambeba kaka yake pamoja na kiti, akampeleka uani.

*

Nesi hakutaka muujiza. Alitaka mpangilio. Pipa likahamia uani, chini ya paa la bati lisilo na kuta. Mbao za rangi zikakatazwa, nailoni ikakatazwa. Wakachoma kuni kavu tu, na mtu hakukaa upande ule moshi unakoelekea. Pasi ya umeme ikapatikana, iliyotumika, inayonguruma kidogo. Umeme ukikatika pasi za mkaa zilitumika, lakini uani, si chumbani. Dirisha la nyuma lilikaa wazi mchana kutwa. La mbele waliliacha limefungwa, kwa sababu ya malori.

"Na Mlinzi?" Mama Povu aliuliza.

"Mwacheni mlangoni," Nesi akasema. "Atawasaidia nguo. Ila msidhani anawalinda nyinyi. Lile vumbi dogo linapita kwenye kitambaa kama maji kwenye chujio."

Bila Doa aliagizwa kutembea kila asubuhi, lakini kwa njia ya nyuma, penye miti, si kando ya barabara kuu akishindana na malori kupumua. Alitembea akinung'unika. Wenzake walimuuliza anakimbia deni gani.

Kuna wakati alijaribu kuacha vidonge. Alijiona mzima. Mkewe akavikuta vimepangwa vizuri ndani ya kiatu cha mvua.

"Kiatu nacho kina presha?"

"Nilikuwa navihifadhi. Sasa si tuna hewa safi?"

"Hewa haimezwi badala ya kidonge. Fungua mdomo."

Alifungua. Nesi aliposikia alikuwa mkali kuliko mkewe. "Dawa inaachwa kwa ruhusa ya daktari tu. Hewa safi inasaidia dawa, haiifukuzi kazi."

Miezi ikasonga. Kikohozi cha asubuhi, ambacho waliamini ni cha ukoo, kilipungua. Mama Povu akapimwa: mia na thelathini na nne, kwa themanini na sita. Bila Doa akapimwa: mia na thelathini na nane, kwa themanini na nane. Akaomba arudiwe, akidhani kipimo kinamtania. Kikarudia vilevile. Mkono wake haukulala tena. Sare ya Nesi ilitoka haina hata kivuli. Na yule Mlinzi, siku ya kufuliwa, upande wa ndani ulikuwa mweupe kuliko wa nje.

Hivyo basi, ndugu wasomaji, familia ya Bila Doa ikaishi kwa afya njema na furaha, wote pamoja, chini ya dirisha lililo wazi.

Hapo msimulizi alipiga nukta kubwa, akajipongeza, akampelekea Mama Povu hadithi aisome. Mama Povu amejifunza kusoma ukubwani. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, bila haraka, hadi kwenye nukta. Kisha akaanza kupekua kurasa kwa kurudi nyuma.

"Unatafuta nini, mama?"

"Namtafuta shemeji yangu. Umempeleka uani na kiti chake, halafu simwoni. Umemweka wapi?"

Msimulizi akajieleza, kwa maneno marefu, kwamba wasomaji wapya hupenda mwisho mwema, na kwamba habari nzito huenda zikawavunja moyo.

"Mimi ni msomaji mpya," Mama Povu akasema. "Si mtoto mchanga. Unasema 'wote pamoja'. Wote gani?"

Msimulizi ameshikwa. Hana pa kukimbilia, anakiri.

Kaka Mkubwa alikufa msimu wa baridi, asubuhi, akiwa uani. Kiharusi cha pili. Hewa ilikuwa safi siku hiyo, na uji wake ulikuwa bado wa moto. Nesi alikuja akawaambia ukweli, kwamba mishipa iliyoumizwa kwa miaka mingi haiponi yote kwa upepo wa muda mfupi. Kwa mdogo wake dirisha lilifunguliwa kwa wakati. Kwake lilichelewa. Msimulizi aliyajua hayo yote tangu mstari wa kwanza, akayaruka kwa makusudi, kwa sababu hakujua ayaandike vipi bila mzaha.

"Andika hivyohivyo," Mama Povu akasema. "Andika kwamba alikaa kwenye hewa nzuri miezi mitatu. Halafu andika kwamba mitatu ni michache."

Ni michache.